Kompyuta ikisema dawa ya nyanya inaleta kansa, tuiamini kiasi gani?

Swali hili limetoka kwa mama anayelima nyanya Subukia, Kaunti ya Nakuru. Nimelifupisha:

"Daktari, kijana wangu anasoma kemia chuoni. Likizo hii alichukua jina la dawa ya ukungu tunayopigia nyanya, mancozeb, akaiingiza kwenye programu za bure za kompyuta zinazotabiri kama kemikali inaleta kansa. Ya kwanza ilikataa kujibu. Akarekebisha kitu fulani, ikajibu mara mbili: sehemu moja ikasema hapana, sehemu nyingine ikasema ndiyo. Programu ya pili ikasema ndiyo bila kusita. Je, hizi programu ni za kuaminika? Na dawa yenyewe niitupe? Mke wa kijana wangu mkubwa ndiye hutuchanganyia dawa, na sasa ana mimba ya miezi minne."

Mama, nianze na la mwisho maana haliwezi kungoja maelezo marefu. Huyo mke wa kijana wako asichanganye tena dawa hiyo, asiingie shambani siku iliyopigwa, na nguo za aliyepiga zifuliwe na mtu mwingine. Sababu nitaieleza mbele, na utaona kwamba haihusu kansa.

Kuhusu programu: zinaaminika vizuri kwa kemikali za aina fulani na kwa swali la aina fulani, na dawa yako iko nje ya vyote viwili. Kijana hakukosea kujaribu. Natamani wanafunzi wengi zaidi, wa Egerton, Maseno na kwingineko, wawe na udadisi huo. Ila yale majibu yaliyopingana hayakutokana na hitilafu ya kompyuta, na ni muhimu mjue yalitoka wapi.

Programu hizi haziijui mancozeb kwa jina. Zinachosoma ni mchoro wa molekyuli, atomu ipi imeshikana na ipi, ulioandikwa kwa mstari mmoja wa herufi kama C, N na S. Zikishaupata, hufuata moja ya njia mbili. Zile za kanuni hutafuta vipande vya umbo ambavyo wanasayansi wamekwisha kuvitilia shaka kwa miaka mingi, kwa mfano aina fulani za amini au epoksaidi. Zile za takwimu zimelishwa mamia ya kemikali ambazo tayari zilipimwa kwa panya, zikajitafutia zenyewe uhusiano kati ya umbo na uvimbe. Nyingine huchanganya njia zote mbili.

Sasa angalia mancozeb ilivyo. Haina molekyuli moja ndogo unayoweza kuichora kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni mnyororo wa vipande vyenye kaboni, naitrojeni na salfa, vilivyoshikwa pamoja na metali mbili, manganizi na zinki. Programu karibu zote za kazi hii zilitengenezwa kwa molekyuli ndogo za kaboni zisizo na metali. Kwa hiyo ile ya kwanza ilipokataa kujibu ilifanya jambo la heshima kuliko yote yaliyofuata. Nakisia kwamba kijana alichorekebisha ni kuondoa manganizi na zinki akabakiza kipande kimoja. Programu ikakubali, ikajibu kuhusu kile kipande. Ule unga wa manjano ulio ndani ya pakiti yako haukuulizwa.

Mnunuzi wa mahindi aliyezoea kazi yake huuma punje moja akakwambia kama gunia limekauka. Mpe punje ya kahawa naye ataiuma, na atasema kitu, lakini wewe usiuze kahawa yako kwa neno lake. Programu nzuri hukuonya inapofika hapo. Kama kijana alitumia VEGA, iliyotengenezwa na Taasisi ya Mario Negri ya Milan, Italia, aifungue tena ripoti yake aende kurasa za ndani. Atakuta kemikali sita ambazo programu iliziona zinafanana na yake, pamoja na maelezo kama utabiri unaaminika sana, kiasi, au kidogo. Azichunguze hizo sita kwa macho yake mwenyewe. Kama zile jirani hazifanani kweli na kemikali yake, au zenyewe zinapingana, basi lile neno kubwa la juu, ndiyo au hapana, halina uzito wowote. Watu wengi husoma neno hilo na kufunga ukurasa. Ndani ya VEGA kuna modeli kadhaa za kansa, yaani njia za kutabiri, kila moja ikiwa imefundishwa kwa orodha yake ya kemikali, na ndiyo maana mbili zilimpa majibu tofauti.

Programu ya pili, iliyosema ndiyo bila kusita, nadhani ni Toxtree au ndugu yake. Toxtree ina kanuni zilizoandaliwa na Benigni na Bossa wa Italia, na mojawapo husema hivi: ukiona kaboni iliyoshikana na salfa kwa kifungo maradufu, shuku kemikali hiyo kuwa huenda inaleta kansa bila kuharibu DNA moja kwa moja. Kile kipande cha mancozeb kina kifungo hicho. Kanuni iliona alama yake ikapiga kengele. Haikupima kiasi, haikuuliza dawa inaingia mwilini kwa njia gani, wala haikujua kama unaipiga mara moja kwa mwezi au kila baada ya siku tano.

Niseme kidogo kuhusu mahali modeli za takwimu zilikopata elimu yao, kwa sababu hapo ndipo penye mzizi wa jambo lote. Jaribio la kawaida la kansa huchukua panya wa aina mbili, aina kubwa (rat kwa Kiingereza) na aina ndogo (mouse), madume na majike, 50 wa kila jinsia katika kila kundi. Hupewa kemikali kwa miaka miwili, kundi moja likipewa kiwango cha juu kabisa ambacho mwili wao unaweza kustahimili. Mwishoni kila mnyama hupasuliwa na viungo vyake hukaguliwa kwa hadubini kimoja kimoja. Jaribio moja hugharimu mamilioni ya dola. Kwa sababu hiyo kemikali zilizopimwa hivyo ni chache: hifadhidata maarufu ya matokeo hayo, iliyokusanywa Berkeley, California, na Lois Gold pamoja na Bruce Ames, ina kemikali 1,500 hivi, wakati zinazouzwa duniani ni makumi ya maelfu.

Modeli iitwayo CAESAR, iliyomo ndani ya VEGA, ilijengwa kwa kemikali 805 kutoka hifadhidata hiyo. Kwa kemikali ilizofundishwa nazo, ilipatia zaidi ya tisa katika kila kumi. Kwa zile zilizofichwa ili kuipima, ilipatia karibu saba katika kila kumi. Anayetaka kukuuzia programu atakutajia namba ya kwanza. Wewe tumia ya pili, kwa sababu kemikali unayoulizia huwa ni ile ambayo programu haijawahi kuiona.

Saba katika kumi inaonekana ndogo na watu huilaumu kompyuta. Mimi naona lawama nyingi ziende kwingine. Mwaka 2001 Gottmann na wenzake walichukua kemikali 121 zilizopimwa kwa panya na mpango wa serikali ya Marekani wa uchunguzi wa sumu, na pia zikapimwa na watafiti wengine waliochapisha matokeo yao kivyao. Wakalinganisha: je, majaribio ya pande mbili yanakubaliana kwamba kemikali hii inaleta kansa au haileti? Yalikubaliana kwa asilimia 57. Kemikali ni ile ile, wanyama ni panya vile vile, na bado karibu nusu ya matokeo yalipishana. Modeli iliyofundishwa kwa matokeo ya namna hiyo haiwezi kuwa na uhakika ambao matokeo yenyewe hayana. Ukisikia mtu anadai programu yake inatabiri kansa kwa usahihi wa asilimia 95, muulize aliipima kwa kemikali zipi na nani alizichagua.

Kulikuwa na mtihani wa haki zaidi. Mwaka 1990 wataalamu wa mpango huo wa Marekani walitangaza kemikali 44 ambazo majaribio yake ya panya yalikuwa hayajakamilika, na wenye mbinu za kutabiri wakatoa majibu yao hadharani kabla ya matokeo. Hakuna aliyeweza kuchungulia. Mbinu zilizotegemea umbo la molekyuli peke yake zilipatia kati ya nusu na theluthi mbili. Waliofanya vizuri zaidi, karibu robo tatu, walikuwa Raymond Tennant, John Ashby na wenzao, ambao walitazama umbo, wakatazama jaribio la bakteria, wakatazama pia panya waliopewa kemikali kwa muda mfupi walionyesha dalili gani, kisha wakaamua kwa akili zao. Programu zimekua sana tangu wakati huo, lakini utaratibu ule wa kuunganisha vyanzo kadhaa chini ya jicho la mtu mwenye ujuzi bado ndio wadhibiti wanaoufuata.

Nimetaja jaribio la bakteria. Hilo linastahili nafasi, maana ndilo swali ambalo kompyuta hulijibu vizuri. Bruce Ames aliyebuni jaribio hilo miaka ya 1970 alichukua bakteria wa Salmonella waliopoteza uwezo wa kujitengenezea histidini, kirutubisho wasichoweza kuishi bila hicho. Unawamwaga kwenye sahani ya maabara isiyo na histidini ya kutosha, unaongeza kemikali unayoishuku pamoja na maji ya ini la panya lililosagwa, kisha unaiweka sahani kwenye joto la nyuzi 37 kwa siku mbili. Kama kemikali haigusi DNA, utaona vidoa vichache tu. Kama inaharibu DNA, baadhi ya bakteria hubadilika na kurudisha uwezo wao, na sahani hujaa vidoa vyeupe unavyoweza kuvihesabu kwa macho. Lile ini ni la lazima, kwa sababu kemikali nyingi huwa hazina ubaya hadi mwili uzigeuze.

Jaribio hili ni la bei nafuu, limefanywa kwa maelfu ya kemikali, na maabara mbili zikilirudia hukubaliana karibu asilimia 85. Data ni nyingi na safi, na kinachopimwa ni jambo moja la kikemia: je, hii inang'ang'ania DNA? Programu zinazotabiri matokeo ya Ames hufikia karibu usahihi ule ule wa maabara. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa madawa wa ICH uitwao M7, wa mwaka 2014, huruhusu kampuni kuchunguza uchafu mdogo unaobaki kwenye vidonge kwa programu mbili za aina tofauti, moja ya kanuni na moja ya takwimu. Zote zikisema hapana, na mtaalamu akaridhika, jaribio la sahani halidaiwi.

Utakumbuka mwaka 2018 dawa ya presha iitwayo valsartan iliondolewa madukani katika nchi nyingi baada ya kukutwa na NDMA, mojawapo ya nitrosamini, kemikali zinazoshukiwa kuleta kansa. Kwa familia hii ya kemikali, kusoma umbo kunafanya kazi vizuri sana. Nyingi zimepimwa kwa panya, na tunajua ni kaboni ipi mwili unaishambulia ili kuzalisha kitu kinachoshika DNA. Tangu 2023 wadhibiti wa Marekani, Kanada na Ulaya huzipanga nitrosamini mpya katika makundi matano kwa kuangalia umbo peke yake, na kila kundi lina kikomo chake cha kila siku kwa nanogramu. Hapo mimi binafsi ninaiamini kompyuta bila wasiwasi.

Lakini hata kwenye kemikali za kugusa DNA kuna mitego. Ukipita soko la Kibuye hapa Kisumu utakuta mbuta aliyekaushwa kwa moshi, ngozi imekolea rangi ya kahawia, mafuta yameganda juu, na ukimshika masizi yanabaki vidoleni. Katika masizi ya aina hiyo mna benzo[a]paireni na benzo[e]paireni. Zote zina pete tano za kaboni, zote zina atomu 20 za kaboni na 12 za hidrojeni. Tofauti ni mahali pete moja ilipopachikwa. Ya kwanza mwili huigeuza kuwa epoksaidi inayoshika DNA, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, IARC, limeiweka Kundi la 1, la vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa binadamu. Ya pili iko Kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kuamua. Programu inayopima kufanana tu itaziona kama pacha. Kwa wanaopenda mbuta wa moshi, nisiwaache na hofu bure: masizi hukaa juu, kwa hiyo ukitoa ngozi kabla ya kupika unaondoa sehemu kubwa.

Kinyume chake pia hutokea. Limonini, ile harufu ya ganda la chungwa, ilileta uvimbe wa figo kwa panya dume wa ile aina kubwa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba panya dume ana protini fulani ambayo hushikana na limonini na kujaa kwenye figo. Binadamu hana protini ya namna hiyo. Modeli iliyofundishwa kwamba limonini ni ndiyo imefundishwa ukweli kuhusu panya dume.

Kuna hesabu moja ambayo kijana wako ataipenda. Chukua kemikali 1,000, na tuseme, kwa mfano tu, 100 kati yake zinaleta kansa kweli. Programu ina usahihi wa saba katika kumi kwa pande zote. Itazikamata 70 kati ya zile 100. Katika zile 900 zisizo na hatia, itazishtaki 270. Jumla ya zilizoambiwa ndiyo ni 340, na zenye hatia ya kweli kati yake ni 70 tu, yaani moja katika tano hivi. Kwa upande wa hapana, ziko 660, na 30 kati yake zimepita bila kukamatwa. Kwa hiyo programu ya namna hii ina faida kwa mtu mwenye kemikali elfu na pesa za kupima mia mbili tatu: inamwambia aanzie wapi. Kwa mtu mwenye kemikali moja na pampu mgongoni, ndiyo yake peke yake ni sababu ya kwenda kutafuta ushahidi mwingine.

Ushahidi huo kuhusu mancozeb upo, na hautoki kwenye kompyuta. Mancozeb inapovunjika, shambani, mwilini au kwenye sufuria ya moto, huzaa kemikali ndogo iitwayo ethilinithiourea. Nitaiita ETU. Hiyo ndiyo kijana alipaswa kuiingiza. Ni molekyuli safi, haina metali, programu zitaisoma bila taabu na nyingi zitasema ndiyo. Hata hivyo ajue kwamba ETU imo kwenye hifadhidata zile zile zilizotumika kuzifundisha. Hapo programu inakumbuka, haitabiri.

Mpango wa Marekani ulitoa matokeo ya ETU mwaka 1992: panya wakubwa walipata uvimbe wa tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, na wadogo wakapata wa thairoidi, ini na tezi ya pituitari. Njia yake haipitii DNA, na hapa ndipo programu huwa dhaifu kuliko popote. ETU huzuia kimeng'enya ambacho thairoidi hukitumia kutengeneza homoni yake. Homoni ikipungua, ubongo unaagiza tezi ifanye kazi zaidi. Tezi inavimba, seli zinazidi kugawanyika mwezi baada ya mwezi, na baadaye uvimbe unatokea. Panya huathirika haraka kuliko sisi, kwa sababu nusu ya homoni ya thairoidi huondoka kwenye damu yake kwa muda usiozidi siku moja hivi, wakati kwetu huchukua siku tano hadi tisa, kwa hiyo akiba yetu haiishi upesi.

Panya hao hao waliwagawanya hata wataalamu. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, liliiweka ETU katika kundi la vinavyoelekea kuleta kansa kwa binadamu. IARC mwaka 2001 iliiweka Kundi la 3, kwa hoja kwamba mtu ambaye kiasi anachopata hakibadilishi homoni zake za thairoidi hatarajiwi kupata kansa hiyo. Mimi naona hoja ya IARC ina nguvu kwa mlaji anayenunua nyanya soko la Wakulima pale Nakuru na kuziosha. Kwa mtu anayechota unga kwa mkono mtupu na kukoroga tangi baada ya tangi msimu mzima, sitasema hivyo kwa urahisi. Huyo anapata kiasi cha aina nyingine kabisa.

Na sasa ile sababu niliyoahidi. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea mancozeb kibali, na muhula wa mwisho wa kumaliza mabaki ukaisha Januari 2022. Waliyoyataja kwanza ni madhara kwa uzazi na kuvuruga homoni, kwa kuwa mancozeb imewekwa katika daraja la vitu vinavyochukuliwa kuwa na madhara kwa mtoto aliye tumboni. ETU imeleta ulemavu kwa watoto wa panya waliopewa wakati wa mimba, na ubongo wa mtoto tumboni unahitaji homoni ya thairoidi ya mama ili ukue. Fikiria kama programu zote mbili zingesema "hapana, haileti kansa". Nyumba nzima ingepumua, na mjamzito angeendelea kukoroga. Hilo ndilo linaloniumiza katika matumizi ya haraka ya programu hizi: zinajibu swali moja, na sisi tunasikia kwamba dawa ni salama. Mweleze pia muuguzi wa kliniki ya wajawazito kwamba alikuwa anachanganya dawa hiyo, ili waangalie thairoidi wakiona haja.

Uitupe? Usiimwage, wala mtoni wala chooni. Ningekushauri uanze kuiacha, na kile kilichobaki kitumiwe na mtu mmoja mzima asiye na mimba, aliyevaa glavu za mpira, barakoa, gambuti na nguo za mikono mirefu. Hatari kubwa kabisa iko dakika ile unapofungua pakiti na vumbi kupanda: simama upepo ukitoka mgongoni kwako, mimina polepole kwenye maji, koroga kwa kijiti ambacho hakirudi jikoni. Heshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo, hata kama mnunuzi ameshafika na kreti zake. Mancozeb hukaa juu ya ganda na haizami ndani, kwa hiyo kuosha nyanya vizuri kabla ya kupika kunasaidia sana. Kinachobaki ndicho moto hukigeuza kuwa ETU. Zile nyanya zenye madoa ya unga sokoni hazipaswi kufika kwenye sufuria zikiwa hivyo.

Punguza pia haja ya dawa yenyewe. Simamisha miche kwa vijiti, toa majani ya chini yanayogusa udongo, mwagilia shinani badala ya juu ya majani, na usipande nyanya zikipakana na viazi, maana ukungu wa blaiti hula vyote viwili na huhama kwa upepo. Ukienda kwa agrovet kutafuta mbadala, angalia namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, PCPB, kwenye lebo, na uliza kama bado dawa hiyo imesajiliwa kwa nyanya.

Kijana ana kazi moja zaidi. Ageuze pakiti asome viambato vyote, kwa sababu mancozeb mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na dawa ya pili, kama metalaxyl au cymoxanil. Hizo ni molekyuli ndogo zisizo na metali, na programu zitazisoma sawasawa. Aanze na utabiri wa Ames, ambao una msingi imara. Kisha aende kwenye modeli za kansa, azitazame zile jirani sita, na aandike kwa maneno yake kwa nini zinafanana au hazifanani. Halafu atafute tathmini za wadhibiti kuhusu kiambato hicho aone kama panya halisi walisema jambo lile lile. Akikwama aniandikie, na aambatanishe ripoti nzima, kurasa zote.